Kwa Mjomba Aliyeniozesha kwa Klabu ya Mpira

Kwako Mjomba Mhina,

Shikamoo. Najua aliyelala hajibu shikamoo, lakini enzi za uhai wako sikuwahi kufungua mdomo mbele yako bila kuanza na hiyo, na sitaanza utovu wa adabu leo kwa sababu tu umelala.

Nakuandikia kutoka Mkumbara, nyumbani kwa dada Mwanaidi. Nimekaa kibarazani, malori ya Moshi yanapita na kutuachia vumbi lake. Wiki hii alikuja mtu wa klabu kumtaka Zaina, yule binti yake uliyemwacha bado anang'oka meno. Wanataka akacheze ligi ya wanawake. Shemeji, baba yake, kasema mambo ya mpira ameniachia mimi niliyeyapitia. Mwanaidi kasema mjomba wa mtoto ni mimi, kwa hiyo neno ni langu. Basi nimekalishwa pale ulipokaa wewe siku ile waliponijia mimi, na nimegundua kwamba pale mahali hapakaliki. Ungekuwepo ningepanda gari nije Handeni, pale Chanika, nikuulize ulifanyaje. Hupo, na hilo linaniuma wiki hii kuliko hata siku tulipokuzika.

Wacha nianze na uwanja wetu, maana huwezi kumtaja Mjomba Mhina bila kuutaja uwanja wa Chanika. Timu yetu haikuwa na ukuta wala seng'enge. Siku ya mechi mlikuwa mnachimbia fito asubuhi na kuzungushia maturubai na magunia yaliyoshonwa, ili anayetaka kutazama apite getini alipe kiingilio. Geti lenyewe lilikuwa wewe, na stuli yako, na kofia yako ya kitambaa. Sijui nani alikupa kazi ile, maana hukuiweza hata kidogo. Akija mzee, unasema huyu ni mzee wangu, apite. Mama mwenye mtoto mgongoni apite. Ustadhi apite, fundi cherehani apite, aliyetoka msibani apite akapoze moyo. Katibu wa timu alikuwa analia kwamba hata mpira wa kuchezea hatuna, umeshonwa mpaka umekuwa kama kiazi. Wewe unamjibu, utamdai vipi kiingilio mtu aliyekusaidia kumzika baba yako? Na ukweli ni kwamba Handeni nzima ilisaidia kumzika baba yako.

Na upepo nao ulikuwa mkaidi. Kipindi cha pili ukivuma, turubai linang'oka, na waliolipa na wasiolipa wanatazama sawasawa. Hapo ndipo ulipokuwa unakasirika kweli. Ulikuwa unatuambia kwamba timu isiyo na ukuta ni shamba la mahindi lisilo na mlinzi, nyani wanavuna kabla yako. Ulikuwa na ndoto moja tu duniani, ukuta wa tofali kuzunguka ule uwanja. Wenzako waliota kwenda Makka.

Mechi ikiisha ulikuwa unanibebea viatu vyangu kwenye mfuko wa rambo mpaka nyumbani kwa mama, mimi nikiwa peku nyuma yako. Ulisema miguu ya mtoto ipumzike. Njia nzima unanisema kwamba naogopa kutumia mguu wa kushoto. Wewe ambaye hujawahi kupiga hata danadana! Lakini nani angekubishia? Baba alikuwa ametangulia nikiwa mdogo, na kwetu Wazigua, hata baba akiwepo, neno la mwisho juu ya mtoto wa dada ni la mjomba. Nilikuwa wako. Sijui kama niliwahi kukuambia kwamba nilipenda kuwa wako.

Ndiyo maana yule wakala aliponiona kwenye mashindano ya Korogwe, akaja nyumbani na kigari chake safi, mama hakumjibu kitu. Alimpa maji ya kunywa, akamwambia arudi Jumapili, mjomba wake atakuwepo. Na wewe ulipopata habari hukuuliza mkataba una nini. Uliagiza mkeka mpya ufumwe ukingo, jogoo achinjwe, na wazee watatu wa ukoo waje wamevaa kanzu. Mimi ukaniambia nikae chumba cha ndani nisitoke mpaka niitwe. Mjomba, ulipokea mkataba wa mpira kama unavyopokea posa.

Sikukuelewa. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia, nikisikiliza mnavyomsumbua yule bwana. Ulimwuliza ukoo wake. Ulimwuliza kama kwenye ile klabu watu wanaswali. Ukamwambia hatuwezi kuzungumza bila kifungua mdomo, naye masikini akababaika, akaenda kwenye gari akaleta jezi mbili, ukazipokea kwa mikono yote miwili ukampa mzee wa upande wa kulia. Kisha ukafika kwenye mahari. Ukasema hutaki kitu mkononi mwako, mtoto haliwi. Unachotaka ni klabu ijenge ukuta wa uwanja wa Chanika. Wazee wakaitikia, naam. Wakala akasema hilo dogo sana.

Mwalimu wangu wa shule alikuwa amealikwa kama jirani. Alinyanyua zile karatasi akataka kuzisoma, kifungu kwa kifungu, palepale. Ulimzuia. Nakumbuka sauti yako ilivyokuwa ya upole, ya mtu anayemfundisha mwenzake adabu. Ulisema mgeni ameshakula ugali wetu, na mkwe hakaguliwi kama mwizi. Tumuulize kwa mdomo, ajibu kwa mdomo, mbele ya mashahidi. Ukamwuliza swali moja ambalo mpaka leo naona lilikuwa swali bora kuliko yote ambayo wakili angeuliza.

"Mtoto akiumia, ni wa nani?"

"Akiumia ni wa kwetu, mzee. Tutamuuguza mpaka apone."

Basi. Kwako ilikuwa imeisha. Limesemwa mkekani, mashahidi wapo, chakula kimeliwa. Katika maisha yako yote hujaona neno la namna ile likivunjwa na mtu akaendelea kutembea mchana kweupe. Uliniita nitoke, ukaniwekea mkono kichwani, ukamkabidhi mkono wangu yule bwana kama ulivyowakabidhi dada zangu kwa waume zao. Nikatia saini. Mama alipiga kigelegele, halafu akaingia jikoni kulia. Watani wangu wa Chanika waliniita bibi harusi mpaka siku naondoka.

Sitaki usahau kwamba kulikuwa na miaka mizuri. Siku niliyocheza mechi yangu ya kwanza ikaonyeshwa kwenye televisheni, mama alinisimulia kwamba ulikwenda banda la video, wewe usiyependa makelele, ukamkuta mwenye banda anatoza watu mlangoni. Ulimfokea kwamba wazee hawalipi. Akashindwa na wewe. Nilipogusa mpira wa kwanza ulisimama ukaziba watu, ukawa unakielekezea kioo kidole, mguu wa kushoto, mguu wa kushoto. Na kweli, goli letu la pili nililifunga kwa kushoto. Nililifunga nikikufikiria wewe, na si uongo wa barua huu.

Na tofali zilikuja pia. Lori lilifika Chanika na wapiga picha, viongozi wakapiga picha wameshika karai na koleo, wewe katikati na kofia yako. Wakajenga kona moja ya ukuta, kona tu, upande wa barabara ya kwenda sokoni. Wakasema awamu ya pili fedha ikitoka. Ulikuwa unapita pale kila jioni kuipapasa ile kona kama mtu anayemkagua ng'ombe wake.

Halafu goti likaondoka. Unajua lilivyoondoka, sina haja ya kurudia. Niligeuka peke yangu, hakuna aliyenigusa. Mwanzo klabu walinipeleka hospitali, wakanipiga picha za goti, wakanifunga bandeji. Kisha msimu ukabadilika, kocha akaja mwingine, na simu zikawa hazipokelewi. Nikaambiwa nitibiwe kwa utaratibu wangu. Nikaomba basi waniachie niende nyumbani nikatafute waganguzi wa mifupa na timu ndogo ya kuanzia upya. Wakasema hapana, mkataba bado upo. Kutibiwa si wao, kuondoka siruhusiwi. Nilikuwa nimekaa hosteli kama gunia lililosahauliwa ghalani. Nilimwambia mama kwenye simu asikusumbue. Mama akakuambia palepale.

Hapo ndipo ulipofanya lile ambalo wenzangu hosteli walilicheka, na mimi mpaka leo sijaweza kulicheka. Mwanamke akiteswa kwa mumewe, wazee wake wanakwenda kwa wakwe kusuluhisha, na wakishindwa wanamrudisha mtoto wao. Ulikuja na wale wazee watatu, mmevaa kanzu zilezile. Mlibeba unga wa mahindi, machungwa, na kuku wa kuchinjia suluhu. Mlinipitia hosteli, nikajikongoja na magongo yangu nyuma yenu mpaka ofisi za klabu. Nilijua hakuna mkeka unaotusubiri kule. Lakini uso wako ulikuwa umejaa imani kiasi kwamba nilishindwa kukuambia.

Mlinzi wa geti alituzuia, hatukuwa na miadi. Tukakaa chini ya ukuta wao. Ukuta mrefu, wa tofali, umepigwa rangi, na waya juu. Uliutazama sana ule ukuta. Jua likatuhama, mlinzi akatuonea huruma akaingia kutuombea, na mwishowe akatoka ofisa kijana, mstaarabu, akatuletea maji ya chupa. Sitamsema vibaya. Alikusikiliza mpaka mwisho. Ukamweleza posa yote ilivyokuwa, nani alikaa wapi, nani alisema nini. Ukamwambia hatukuja kugombana, tumekuja kumtazama mtoto wetu, na kama amewashinda mturudishie. Yule kijana akakusomea kifungu, taratibu, kwa Kiswahili rahisi. Hakikuwa na mtoto ndani yake, wala akiumia ni wa nani.

Ukamwuliza, "Na yule aliyetujibu pale mkekani, yuko wapi?"

"Mzee wangu, wakala si mtu wetu. Yule anafanya kazi yake mwenyewe."

Mjomba, nimeona watu wakivunjika miguu uwanjani. Sijaona mtu akivunjika kama wewe siku ile, na ulikuwa umesimama wima. Mshenga uliyemlisha hakuwa mshenga wa mtu yeyote. Uliozesha mtoto kwa ukoo ambao haukuwahi kufika kwako. Uliinama, ukamchukua yule kuku ukampa mlinzi wa geti, ukamwambia wewe ndiye uliyetupokea. Stendi, kabla hujapanda basi, ulinishika kichwa kama zamani.

Mkataba uliisha wenyewe, mimi nikiwa siwezi tena kukimbia. Nilirudi nikakuta umeacha kwenda uwanjani. Watu wa Chanika, ambao uliwapitisha bure miaka yote ile, walikuwa wamepata maneno. Wanasema Mhina alimtoa mpwa wake kwa ajili ya ukuta, na ukuta wenyewe kona moja ya kulala mbuzi. Nilitaka kupigana nao na magongo yangu. Ulinikataza. Ulikuwa unazunguka mtaa mzima ili usiione ile kona, mtu mzima, unapita vichakani kwenda sokoni. Timu nayo ikafa polepole, maana hakuna aliyekuwa tayari kuchimbia fito. Mimi nikahamia Korogwe, nikaanza kuuza viatu vya mpira vya mitumba, nikiwapima watoto wa watu miguu.

Ulipougua, nilikuwa nakuja kila nilipofunga biashara. Siku moja mama alikuwa nje anaanika mihogo, ukanishika kifundo cha mkono. Mkono wako ulikuwa umebaki mifupa.

"Nilikutoa kwa watu nisiowajua. Nisamehe, mwanangu."

Nikakuambia yamekwisha, Mjomba, usijisumbue. Maneno ya msibani yale, ambayo mtu anamwambia mtu yeyote. Ulinitazama kidogo, ukageukia upande wa pili. Nilijua hukuniamini. Nilitafuta neno zuri zaidi nikalikosa, nikabaki nakufunika shuka. Ulikufa kabla mvua za masika hazijakatika, na nililia mpaka mama akaniambia nimwachie na yeye nafasi.

Sasa nikueleze ya Zaina, maana ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Anacheza, Mjomba. Anacheza kuliko mimi, na mguu wa kushoto anao. Aliyetumwa na klabu ni mama mmoja wa makamo, ana kitambulisho cha klabu yenyewe, nilikikagua mbele na nyuma. Mwanaidi alipika pilau. Sikumruhusu apakue. Nilisema hatuli mpaka tumesoma. Nikaziweka karatasi mapajani nikasoma neno kwa neno, kwa sauti, pilau linapoa, shemeji anaona aibu, yule mama amekumbatia mkoba wake. Nilipofika kwenye majeraha nikasimama. Nikataka iandikwe kwamba mtoto akiumia wamtibu mpaka apone, hata mkataba ukiisha. Nikataka iandikwe kwamba asipochezeshwa aachiwe aende. Yule mama akasema ya kutibiwa ndani ya mkataba wanakubali, ya kuachiwa atakwenda kuuliza, ila ya baada ya mkataba hakuna klabu inayoandika. Nikamrudishia karatasi zake. Nikamwambia basi mtoto haendi. Akaaga bila kula. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na mimi nilimtoa mgeni na njaa yake.

Niliona nimeshinda. Nilihisi kama nimekulipizia, kama nimekaa kwenye ule mkeka wako badala yako na kuurekebisha. Nikamtafuta Zaina nimweleze. Alikuwa kisimani, amekalia ndoo, hajateka maji. Hakulia. Alinisalimia vizuri tu, shikamoo Mjomba, halafu akaniambia:

"Wewe ulikwenda. Mimi unanizuia kwa goti lako."

Nikarudi nikakaa hapa kibarazani. Nilikasirika kwanza, sikufichi, nikataka kumwita nimtie adabu. Kisha nikajiona mimi nyuma ya pazia, shati limelowa jasho, nikimwomba Mungu kitu kimoja tu. Sikuwa naomba wakala aseme kweli, Mjomba. Wala sikuomba nisiumie. Nilikuwa naomba wewe usikatae.

Juzi yule mama amerudi. Ya kuachiwa wamekubali, wameandika. Ya baada ya mkataba wamekataa. Pale patupu bado pako patupu, na akianguka ndani yake hakuna nitakachokuwa nacho cha kumdakia zaidi ya mikono yangu. Shemeji alishika kalamu akanitazama. Mwanaidi akanitazama. Zaina alikuwa anatazama chini. Nilisema andika. Tukala, safari hii, na yule mama akaomba aongezwe. Zaina anaondoka kesho asubuhi, na tangu juzi sijapata usingizi wa maana, nafikiri vile ulivyokuwa unafikiri wewe miaka yote ile na ukanificha.

Kwa hiyo lile neno nililolikosa ulipokuwa unaumwa, nimelipata. Nimelipata umeshaondoka, lakini pokea. Uliniomba msamaha kwa kunitoa. Mjomba, hukunitoa, nilikuwa nimeshatoka. Ungesoma zile karatasi zote, ukakataa, ukanifungia chumba kile cha ndani, ningekuwa na magoti mawili mazima leo, na kwa kinyongo nisingekuja kukuaga kitandani.

Lala salama, baba yangu wa upande wa mama. Nakuombea kila nikisujudu, na goti linaniuma kila nikisujudu.

Ni mimi mpwa wako,
Shabani